Hifadhi Ninayoiruka Kila Mara

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Ipo sauti moja ambayo imekaa nami miaka kumi na saba, nayo ni mlio mdogo wa kitufe cha redio ya gari kinapoachiwa, tk, halafu mkwaruzo mfupi, halafu kimya. Nilikuwa na miaka tisa. Mambo mengine ya siku ile huyakumbuka nikijilazimisha, lakini sauti ile huja yenyewe, nikiwa nafunga droo, nikiwa namsikiliza mtu mwingine kabisa.

Kazi yangu ni kupanga safari za wageni wanaokuja kutazama wanyama. Nakaa kwenye ofisi ya meza tatu, ukutani mbele yangu kuna ramani kubwa ya hifadhi zote yenye pini za rangi, na kutwa nzima najibu swali lile lile: tuna siku saba, twende hifadhi zipi? Si swali dogo kama watu wanavyodhani. Kwanza nauliza wanakuja mwezi gani, maana nyumbu hawamsubiri mtu, halafu nauliza mgongo wa nani unauma, halafu kama wana watoto wadogo, halafu kama wanataka kuona wanyama wengi au wanataka kukaa na mnyama mmoja kwa utulivu mpaka wamzoee. Anayetaka wingi nampeleka nyanda kubwa. Mwenye siku chache nampeleka bonde la ziwa, lango liko karibu na twiga hawajali magari. Anayetaka kubandika hifadhi nne ndani ya siku tano namkatalia, atarudi kwao ameona barabara tu. Nisamehe kwa kujisifu, lakini kazi hii naijua, na bosi wangu huwaambia watu kwamba mimi sijawahi kumpotosha mgeni.

Si kweli. Kuna hifadhi moja ambayo kwa miaka mitano, tangu niajiriwe, sijampangia mgeni hata mmoja. Iko upande wa ukame, haina msongamano, ina makorongo ya mchanga na chui wengi kuliko pengine popote, na kwa mtu anayetaka utulivu ndiyo ingepaswa kuwa jibu langu la kwanza. Wageni wakiitaja nawaambia barabara ni mbaya. Wakisema wanapenda barabara mbaya nawaambia kuna mbung'o wanaouma kama sindano. Wakisema mbung'o si neno nawaambia nafasi zimejaa. Mwaka jana mama mmoja mtu mzima aliniandikia kwa upole kwamba rafiki yake alilala huko wiki iliyotangulia na kambi nzima ilikuwa na wageni wawili. Sikumjibu. Nilimpa mwenzangu faili lake nikasema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinauma.

Baba yangu alikuwa dereva wa watalii kwa miaka thelathini na mmoja. Likizo ile alikubaliwa kunibeba kiti cha mbele kwa sababu wageni wake walikuwa wazee wawili, mume na mke, waliosema hawana neno. Sasa, madereva wana desturi zao. Mmoja akiona mnyama adimu huwatangazia wenzake redioni, lakini kwa majina yao wenyewe, ili wageni wasielewe wakaanza kudai wapelekwe sasa hivi, kwa hiyo simba ni Sharubu na chui ni Koti. Na wana desturi nyingine ambayo hawaisemi hadharani. Ukimpata Koti na hutaki magari kumi yakuzunguke, unatangaza kwamba yuko mahali pengine. Wote walifanya hivyo. Jioni kambini walichekana, nani leo kampeleka nani kutazama kichaka kitupu, na aliyedanganywa kesho yake alilipiza, na maisha yakaendelea.

Siku ile tulimpata chui jike juu ya jiwe, karibu sana na gari, pamoja na mtoto wake. Mtoto alitaka kushuka na alikuwa anaogopa, ananyoosha mguu, anaurudisha. Nami nilimshika baba mkono wa shati nikamwambia, "Baba, wasije wengine, watamtisha." Alinitazama, akatabasamu, akasema redioni kwamba Koti yuko ng'ambo ya korongo la tatu, kwenye mti uliovunjika. Akaachia kitufe.

Aliyejibu alikuwa mwenzake wa siku zote. Walimwita Rubani, kwa dhihaka, kwa kuwa hakuna dereva aliyekwenda polepole kama yeye. Mimi nilimwita baba mdogo. Siku hiyo wageni wake walikuwa wamebaki kambini kupumzika, walikuwa wamemtafuta chui siku tatu bila mafanikio, naye alitaka ahakikishe kwanza ndipo akawachukue, wasivunjike moyo tena. Alisema anakuja, asubiriwe. Sisi tulikuwa juani, lakini mvua ilikuwa inanyesha milimani, mbali, na makorongo yale hukaa makavu miezi mizima halafu maji hushuka kwa ghafla kama ukuta. Yalimkuta katikati ya mchanga. Gari lilipatikana siku ya pili.

Hakuna aliyemlaumu baba, kwa sababu hakuna aliyejua. Madereva wengine waliosikia redio waliamini chui alikuwa kule kweli. Wale wazee wawili hawakuelewa lugha. Tuliojua ni baba na mimi, na mimi nilijifanya nimelala njia nzima ya kurudi, na nadhani nimeendelea kujifanya nimelala hadi leo. Baba aliendesha miaka mingine kumi na mitatu, na kila alipopangiwa hifadhi ile alibadilishana zamu. Hajawahi kulitaja jambo hilo, nami sijawahi.

Nikwambie sasa kilichonifanya nikuandikie. Baba anapoteza macho. Ni presha ya macho, iligundulika kwa kuchelewa, na daktari amesema kabla mwaka haujaisha atakuwa anatofautisha mwanga na giza tu. Mwenyewe anasema anaona kama kioo cha gari kilichofutwa katikati pekee. Kila asubuhi hukaa kibarazani kusoma namba za magari yanayopita, huzisoma kwa sauti, na mama akiwa anaanika nguo huziangalia naye. Akikosea, mama humwambia ni sawasawa.

Mimi na kaka tumekubaliana tumpeleke hifadhini mara moja, akiwa bado anaona, yeye akae nyuma kama mgeni. Tumepata siku nne za likizo, kwa hiyo ni hifadhi moja tu. Kaka anataka nyanda kubwa. Mama anataka bonde la ziwa kwa sababu ameambiwa vyoo vya huko ni visafi. Kaka akaongeza kwamba huko ziwani kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea, na baba akasema ameshatazama wageni wakiogelea vya kutosha, macho yaliyobaki hawezi kuyamalizia hapo. Tukacheka sote. Halafu akageuka, akautafuta uso wangu kidogo mpaka akaupata, akasema, "Wewe ndiye mpangaji. Safari hii mimi ni mgeni wako. Chagua."

Mshauri, tangu siku hiyo sili vizuri. Baba ameona programu zangu, zamani alikuwa anazisoma kwa fahari, anajua ninachokiruka. Nikichagua nyanda, nitakuwa nimemwambia kwamba najua na sitaki tuzungumze mpaka afe. Nikichagua ile, nitakuwa nimemwambia kwamba najua, na pengine ataona ninampeleka kumshitaki, wakati anayestahili kushitakiwa ni aliyemvuta mkono wa shati. Na kuna mke wa Rubani, mama mdogo, ambaye miaka yote hii ana kantini pale getini, ndipo madereva wanapokula mchana. Madereva wa ofisi yetu wananiambia huenda akaifunga, wageni hawaji. Sisi ndio tunaopeleka wageni wengi zaidi upande ule, na programu nyingi napanga mimi. Kwa hiyo nimemuumiza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa mtoto na mara ya pili nikiwa na kompyuta.

Sijui kama ninamlinda baba au ninajilinda mimi. Nimewachagulia hifadhi mamia ya watu nisiowajua, na huyu mmoja nimeshindwa. Tunaondoka tarehe kumi na nne. Niambie nichague ipi.

Ni mimi,
Mpangaji Safari


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mpangaji,

Umenieleza habari za nyanda, bonde na vyoo visafi kana kwamba nimekuomba unitafutie chumba. Nimekuelewa, ndiyo njia unayoijua ya kuzungumza. Lakini swali lako halihusu hifadhi, na wewe unajua, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Nianze na mtoto wa miaka tisa. Namwonea huruma sana huyo. Aliona kinyama kinaogopa kushuka jiwe akaomba kisitishwe. Hilo ndilo kosa lake lote. Hakuijua milima wala mvua, na hakuna mtu mzima mwenye akili timamu ambaye angemfungulia mashitaka. Umemweka kizimbani miaka kumi na saba bila wakili. Mfungulie atoke.

Sasa nije kwa wewe wa leo, na hapa sitakubembeleza. Mtu wa miaka ishirini na mmoja aliyeanza kuwaambia wageni kwamba nafasi zimejaa wakati kambi ni tupu, huyo hakuwa mtoto. Ulipewa kazi ya kuaminiwa, ukaitumia kukwepa maumivu yako, na ukamwachia mjane ayalipe bila kujua. Unaandika vizuri, unajichunguza vizuri, unajilaumu vizuri mno, na katika kujilaumu kote huko umelibeba kosa ambalo si lako ili usilitazame lililo lako. Litazame hilo.

Kuhusu baba yako. Usimpelekee karatasi yenye jina la hifadhi ikaseme badala yako. Mwanamume anayepoteza macho hastahili mafumbo. Kaa naye kabla ya safari, mchana, nyumbani, ninyi wawili tu, mama na kaka wakiwa wametoka. Anza na lako, lile la mkono wa shati, usianze na lake. Usimwulize kwa nini. Usimtake akiri. Akinyamaza, mwache anyamaze, nawe usinyanyuke kwenda kuosha vyombo. Ukimaliza, mwulize yale maswali unayowauliza wageni wote, kisha mwache achague mwenyewe. Akisema nyanda, mpeleke nyanda akawaone nyumbu kwa amani, na usimsononekee njia nzima. Hutamlazimisha kutazama asipotaka, eti kwa kuwa wewe umechoka kuficha.

Kuhusu mama mdogo, tafadhali tulia. Habari ile ni ya baba yako kuisema madhali yu hai na kinywa kinafunguka. Usimpite ukaenda kulia juu ya meza za kantini ya watu. Unachodaiwa wewe pale ni wageni. Irudishe hifadhi ile kwenye programu zako, kwa maelezo ya kweli, mazuri na mabaya, na umwambie bosi wako kwa nini haikuwamo. Utaaibika. Aibu hiyo ni halali yako na itapita.

Jambo la mwisho, dawa zake za macho zibebwe kwenye chombo chenye baridi, na ubebe chupa mbili, barabara za huko unazijua. Usiniandikie kuniuliza kama uko tayari. Nenda kaongee naye.


Jibu hili tulimtumia mwandishi kwanza, kabla ya kulichapa. Alituandikia tena, na ameridhia tuiweke barua yake hapa.


Mpendwa mshauri,

Nashukuru. Jibu lako limenikuta tumesharudi. Sikuweza kungoja, na utanigombeza, kwa sababu nilifanya hasa ulichonikataza. Niliandika jina la hifadhi ile kwenye programu, kwa herufi kubwa ili aweze kusoma, siku nne, muda wa kuondoka na muda wa kula, nikampa kibarazani. Aliisogeza karibu na jicho akaipitisha polepole mstari kwa mstari hadi chini. Halafu akasema, "Kwa hiyo hukuwa umelala."

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye mkono wa shati alinikatiza. Alisema redio ilikuwa mkononi mwake kabla sijamgusa. "Hilo ni langu," akasema. "Usinichukulie." Mimi naikumbuka redio ikiwa bado imetundikwa mahali pake, naikumbuka vizuri, lakini alilisema kwa namna ambayo sikumpinga, na sitampinga.

Mama na kaka aliwaambia mwenyewe jioni ile. Sikuambiwa walizungumza nini chumbani, ila asubuhi mama alifunga mizigo bila kutaja vyoo.

Mama mdogo alimtambua baba tulipoegesha tu pale getini. Alimwita shemeji, akamsuta kwamba amepotea miaka yote kana kwamba geti lina mbwa, akaenda kutafuta kikombe kikubwa. Baba alimwomba aache chai kwanza wakae. Waliingia nyuma ya kantini, wawili tu, sisi tukabaki kwenye gari. Walikaa muda mrefu. Magari mawili ya wageni yalikuja, madereva wakajihudumia wenyewe.

Mama mdogo alipotoka alikuwa amevua aproni. Hakuwa amelia, au alikuwa amemaliza. Alikuja mpaka dirishani kwangu, mimi ndiye nilikuwa naendesha, akasema, "Wote walinionyesha kwa kidole tu, kule alikofia. Nipeleke, shemeji angali anaona."

Alikaa mbele, baba akakaa nyuma akinielekeza, kata kushoto, sasa utaona mwamba mwekundu, punguza mwendo. Mengi aliyonielekeza hakuyaona, aliyajua tu. Korongo la tatu lilikuwa kavu. Mama mdogo alishuka, akasema tusimfuate, akatembea mchangani peke yake mpaka mbali kidogo. Baba akaniuliza anafanya nini. Nikamwambia amekaa chini. Akauliza ametazama upande gani. Nikamwambia, kule maji yanakotokea. Tulikaa garini mpaka mama mdogo aliporudi.

Hakusema amesamehe, na mimi sitakudanganya kwamba alisema. Njia ya kurudi hakumsemesha baba hata neno. Tulipofika getini alishuka kwanza, akazunguka, akampa mkono baba ashuke, maana ngazi ya gari lile iko juu. Ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu zilizobaki baba alitazama wanyama, na kila jioni alikula kantini kwake, na mara nyingine mama mdogo alikaa naye na mara nyingine alimwacha peke yake.

Jumatatu niliingia kwa bosi na mafaili ya miaka mitano. Nilimwonyesha kila mgeni niliyemdanganya na nilichomwambia. Ameniandikia barua ya onyo, nimeisaini. Jana nimetuma programu za wageni wa mwezi wa saba. Hifadhi ile imo, siku mbili, na chini yake nimeongeza mstari ambao haukuwahi kuwamo katika programu ya mtu yeyote: korongo la tatu lisivukwe mvua ikiwa milimani, hata kama mlipo jua linawaka.